Saratani ya titi ya metaplastiki: uvimbe mkubwa, tezi za kwapa safi, lakini daktari ana wasiwasi. Wajuzi nisaidieni

#1 Zamzam_K (mleta uzi)
Habari wakuu. Dada yangu mkubwa amepata majibu ya kinyama, yaani kile kipande walichochota kwenye uvimbe. Yameandikwa saratani ya titi ya metaplastiki, daraja la 3 (seli kali zaidi), vipokezi vyote vitatu (estrojeni, projesteroni na HER2) hasi, ile wanayoiita hasi tatu. Uvimbe una sentimita 6 na umekua kwa kasi, yeye mwenyewe aliuona ukibadilika wiki hadi wiki. Kilichonichanganya ni kwapa. Ultrasaundi na kinyama cha tezi vimeonyesha tezi ni safi. Mimi nilikuwa najua tezi zikiwa safi watu wanashukuru Mungu na kushusha pumzi. Daktari bingwa hakushusha pumzi. Alisema aina hii haifuati sana njia iliyozoeleka, akaagiza picha za kifua, ini na mifupa kabla ya jambo jingine lolote.

Nimesoma usiku kucha. Takwimu moja inatisha, nyingine inatia moyo, na zote zinadai kuzungumzia ugonjwa huu huu. Kama tezi ni safi, wasiwasi unatoka wapi? Na matokeo ya wagonjwa wa aina hii huwaje? Naomba ukweli, sitaki kubembelezwa.

#2 Mjukuu_wa_Bibi
Pole sana Zamzam. Napiga kambi hapa, wajuzi waje.

#3 Mwana_Maabara
Pole dada. Mimi niko upande wa hadubini, si wodini, kwa hiyo nasema ninachokiona huku.

Saratani nyingi za titi huanzia kwenye seli zinazotanda ndani ya vijifereji vya maziwa. Hata zikiharibika, kwa kawaida bado unazitambua asili yake. Kwenye metaplastiki sehemu ya seli hizo imebadilika umbo kabisa. Kuna zilizogeuka seli bapa zinazofanana na za ngozi. Kuna zilizorefuka na kuwa nyembamba kama za tishu unganishi. Nyingine zinatengeneza gegedu, au hata mfupa. Ukikuta gegedu kwenye sampuli ya titi kwa mara ya kwanza unarudi kusoma tena lebo ya kioo.

Ni ugonjwa nadra, chini ya 1 katika kila saratani 100 vamizi za titi. Shirika la Afya Duniani liliupa nafasi yake kama kundi linalojitegemea mwaka 2000 tu. Na neno muhimu hapo ni kundi. Ndani yake kuna aina ndogo ambazo tabia zake zimeachana mno. Kabla hujasoma takwimu yoyote, tafuta kwenye ripoti: ni seli bapa, ni seli ndefu, ni yenye gegedu au mfupa, au ni mchanganyiko? Kama hawakuandika, ombeni waandike.

#4 Kasuku_Msomi
Mwana_Maabara kaeleza seli, mimi nijibu swali lenyewe. Saratani ina njia mbili kubwa za kutoka titini: mishipa ya limfu inayopitia tezi za kwapa, na mishipa ya damu. Saratani ya kawaida ya vijifereji hupenda kuanza na limfu, ndiyo maana kwapa linatabiri mengi. Metaplastiki, hasa yenye seli ndefu, huelekea damu kama sarkoma (saratani za tishu unganishi) zinavyofanya. Kwapa ni safi kwa sababu mwizi alitokea mlango wa nyuma. Ndiyo maana mapafu hutajwa mwanzo, kisha mifupa, ini na ubongo. Kwa hiyo tezi safi hapa hazina maana yoyote, na wengi hawafiki miaka 5.

#5 Muuguzi_Onko
Kasuku, nusu ya kwanza nakubali. Nusu ya mwisho naikataa, na naikataa kwa nguvu kwa sababu anayeisoma ana dada yake chumba cha pili.

Tezi safi zina maana. Ukiwachukua wagonjwa wa metaplastiki peke yao, wenye tezi safi huishi zaidi kuliko wale ambao tezi zao zimeingiliwa. Kinachobadilika ni kwamba usafi wa tezi peke yake hautoshi kumtuliza mtu kama ambavyo ungetosha kwa aina nyingine.

Na hilo la miaka 5 si kweli. Hata ukichanganya hatua zote, sajili kubwa za saratani zinaonyesha takriban 6 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 5. Aliyekutwa na uvimbe mdogo yuko juu ya hapo sana. Ambaye ugonjwa umeshafika mapafuni yuko chini sana, huko mara nyingi tunahesabu miezi. Zamzam, hizo picha za kifua na mifupa ndizo zitakazosema dada yuko upande gani. Daktari wenu amefanya jambo sahihi kuziagiza mapema.

#6 Kasuku_Msomi
Sawa muuguzi, hilo la miaka 5 nalifuta. La damu nalishikilia.

#7 Bi_Tumaini
Mimi si dada wa Zamzam, ila niliugua saratani hii hii mnayoijadili, niseme kidogo.

Yangu ilianza kama kidonge cha mviringo, laini pembeni, kinachoteleza chini ya kidole. Kwenye picha kilionekana kistaarabu, nikaambiwa ni fibroadenoma, uvimbe usio saratani, nirudi baada ya miezi kadhaa. Hakikusubiri miezi. Nilirudi mwenyewe nikiwa na titi linalovuta, kinyama cha kwanza kikasema saratani tu, bila jina zaidi. Jina la metaplastiki nilipewa baada ya upasuaji, walipokata uvimbe mzima na kuuangalia wote.

Katikati hapo nilipewa tibakemikali kwanza ili uvimbe upungue. Haukupungua. Ulikua huku dawa inaingia. Namshukuru mno daktari aliyekuwa na rula mkononi kila nilipofika kliniki, maana yeye ndiye aliyesema tusimame, twende chumba cha upasuaji. Baadaye nikapata mionzi. Nipo, nalea, nafanya kazi.

Zamzam, kama dada ataanza na dawa, hakikisheni uvimbe unapimwa mara kwa mara, tena kwa picha. Msikubali kusubiri hadi mzunguko wa mwisho ndipo mtu aangalie.

#8 Mjukuu_wa_Bibi
Bi Tumaini Mungu akuzidishie. Hilo la kukua huku dawa inaingia sikuwahi kulisikia.

#9 Kijana_Mdadisi
Samahani wakuu nachomekea. Mzee wangu anasema hizi sindano za kuchukua kinyama ndizo zinazoitibua saratani ikasambaa. Je, kwa hii ya kupita kwenye damu si ndiyo hatari zaidi?

#10 Mwana_Maabara
Kijana, mheshimu mzee lakini hilo usilibebe. Kuchukua kinyama kwa sindano nene ni njia ya kawaida na salama, na wanaopimwa hivyo hawaishi muda mfupi zaidi kwa sababu ya sindano. Kinachoumiza ni kukata uvimbe bila kujua ni nini. Daktari wa upasuaji akidhani ni fibroadenoma ataukwangua karibu karibu, kingo zitabaki na ugonjwa, na mgonjwa atarudishwa mezani mara ya pili.

Tatizo la kweli la sindano kwenye metaplastiki ni jingine: inachota sehemu ndogo. Uvimbe mmoja unaweza kuwa na kona ya saratani ya kawaida, kona ya seli ndefu, na kona ya gegedu. Ukichota kona moja unapata jina moja. Hiki ndicho kilichompata Bi Tumaini hapo #7, na si lazima kuwe kulikuwa na uzembe. Pia seli ndefu zikiwa peke yake zinaweza kudhaniwa ni filodesi (uvimbe mwingine wa titi, wa tishu unganishi) au sarkoma. Hapo tunapaka rangi za keratini, tena za aina kadhaa maana moja inaweza kukataa, pamoja na p63; zote ni protini za kutambulisha asili ya seli. Keratini ikiwaka, kwa kawaida asili yake ni zile seli zinazotanda vijifereji, si tishu unganishi. Tofauti hiyo si ya jina tu. Sarkoma ya titi, filodesi mbaya na metaplastiki hazitibiwi sawa.

Kuhusu picha naye kasema kweli. Nyingi za aina hii huonekana duara zenye kingo zilizotulia, chokaa kidogo, wakati mwingine zina maji ndani. Si ule uvimbe wenye miiba ambao kila mtu anaogopa.

#11 Nahodha77
Nimesita kuandika. Mke wangu alikuwa nayo, ya seli ndefu. Tezi zote walizotoa kwapani zilikuwa safi. Kingo za upasuaji safi. Tulisherehekea kama familia.

Kabla ya mwaka wa pili kuisha alianza kikohozi kikavu. Tulipokwenda kituo cha karibu akapewa dawa za kifua, tukarudi, akapewa nyingine. Aliyekuja kuagiza picha hakuwa daktari wa kwanza wala wa pili. Mapafu yalikuwa yamejaa. Ubongo ukafuata.

Sisemi haya kumtisha mleta uzi. Aliomba ukweli. Nasema ili ajue kwamba baada ya matibabu kuisha, kikohozi kisichoisha, kichwa kinachouma kila asubuhi, au maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku si vya kutibiwa dirishani. Mwambieni kila daktari mpya, hata wa mafua, kwamba huyu alikuwa na saratani ya aina hii.

#12 Zamzam_K
Nahodha pole sana, na asante. Nimemsomea dada uliyoandika, naye kasema nikwambie amekusikia.

#13 Mchambuzi_Takwimu
Pole Nahodha.

Zamzam, nikusaidie kwenye lile la takwimu zinazogombana, maana umesema umesoma usiku kucha. Kuna uchambuzi wa sajili za Marekani uliochapishwa 2011, wagonjwa 1,501 wa metaplastiki. Baada ya miaka 10, asilimia 53 walikuwa hai. Lakini uchambuzi huo huo ukihesabu vifo vya saratani ya titi pekee unatoa asilimia 68. Watu wale wale, miaka ile ile. Tofauti ni kwamba wengi wao ni watu wazima wenye umri mkubwa, na wengine walikufa kwa magonjwa mengine. Makala moja ikinukuu 53 na nyingine 68, unadhani ni magonjwa mawili.

Halafu nina shaka na Kasuku. Sehemu ya ubaya wa metaplastiki inaweza kuwa ukubwa tu. Hukua haraka, kwa hiyo hukutwa ikiwa kubwa, mara nyingi zaidi ya sentimita 2 na si ajabu kupita 5. Uvimbe mkubwa una matokeo mabaya hata kama ungekuwa wa aina ya kawaida. Ukilinganisha bila kulinganisha ukubwa, unailaumu seli kwa kosa la sentimita.

#14 Kasuku_Msomi
Mchambuzi, ila hata walipolinganisha hatua kwa hatua, metaplastiki imeendelea kufanya vibaya kuliko hasi tatu ya kawaida katika tafiti nyingi. Ukubwa hauelezi yote. Na zaidi ya 9 kati ya 10 za metaplastiki ni hasi tatu, kwa hiyo hatulinganishi na wapole hapo, tunalinganisha na wakorofi wenzake.

Mimi naona siri iko kwenye mabadiliko ya umbo yenyewe. Seli ya vijifereji imeshikana na jirani zake. Ikigeuka ndefu inaachia, inapata uwezo wa kutembea, na inapunguza kasi ya baadhi ya mambo ambayo dawa hulenga. Ukiongeza mabadiliko kwenye jeni ya PIK3CA, ambayo kwenye aina hii hukutwa mara nyingi kuliko kwenye hasi tatu za kawaida, unapata seli yenye injini ya ziada ya kuishi. Jambo moja linaeleza mawili: kusambaa kwa damu na ukaidi kwa dawa.

#15 Mchambuzi_Takwimu
Tafiti nyingi, si zote. Zipo zilizolinganisha kwa makini na kukuta tofauti ndogo au hakuna. Na nyingi zina wagonjwa makumi kadhaa tu, waliokusanywa kwa miaka 20 au 30 ambamo matibabu yamebadilika mara chungu nzima. Maelezo yako ya seli yanapendeza, Kasuku, lakini kupendeza si ushahidi.

#16 Mjukuu_wa_Bibi
Hawa wawili wakianza hawanyamazi mpaka uzi ufike kurasa kumi. Endeleeni, tunajifunza.

#17 Muuguzi_Onko
Niongeze maelezo ya tatu ambayo naona mmeyaruka. Dawa zetu. Mpangilio wa tibakemikali tunaompa mgonjwa wa metaplastiki ulijengwa kwa wagonjwa wa saratani za kawaida. Kwenye hasi tatu, wanaopata tibakemikali kabla ya upasuaji, theluthi moja au zaidi huenda mezani uvimbe ukiwa umeyeyuka wote. Kwenye metaplastiki, tafiti nyingi zinazungumzia mgonjwa 1 kati ya 10, kuna zinazopanda hadi 2. Kwa hiyo swali linaweza lisiwe kwa nini ugonjwa ni mkali. Linaweza kuwa kwa nini tunaupiga kwa silaha isiyo yake.

Na Zamzam, kuna jambo la karatasi. Sentimita 6, tezi safi, hakuna kusambaa: kwa ramani ya kawaida hiyo ni hatua ya 2B. Lakini toleo la 8 la mfumo wa AJCC, ile kamati ya Marekani inayopanga hatua za saratani, lililoanza kutumika 2018, linachanganya pia daraja na vipokezi. Kwa daraja la 3 na hasi tatu, uvimbe huo huo unapandishwa hadi hatua ya 3. Mkikuta daktari mmoja anasema 2 na mwingine anasema 3, msidhani ugonjwa umekimbia kati ya kliniki mbili.

#18 Zamzam_K
Muuguzi umeniokoa, maana jana ndivyo ilivyotokea na mama alilia.

Taarifa: picha za kifua, ini na mifupa zimetoka. Hazijaonyesha kitu. Sasa madaktari wawili wana maoni mawili. Mmoja anataka tibakemikali na dawa ya kinga (ya kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani) kwanza, kisha upasuaji. Mwingine anataka upasuaji kwanza, kutoa titi zima. Dada ananiuliza mimi, na mimi nawauliza ninyi.

#19 Kasuku_Msomi
Upasuaji kwanza. Kitu kinachoweza kutolewa chote leo, kitolewe leo. Ukisubiri dawa ambayo 8 au 9 kati ya 10 haimalizi kazi, unacheza na uvimbe unaokua kwa wiki.

#20 Muuguzi_Onko
Haliko wazi hivyo. Dawa ikitangulia kuna faida mbili. Unaona kama inafanya kazi au haifanyi, na kama imebaki saratani kwenye titi baada ya upasuaji unajua uongeze kitu. Kapesitabini, tibakemikali ya vidonge, hutolewa kwa ajili hiyo, na jaribio la CREATE-X la 2017 lilionyesha wagonjwa wa hasi tatu waliobakiwa na ugonjwa ndio waliofaidika nayo zaidi.

Pia kinga. Jaribio la KEYNOTE-522 liliongeza pembrolizumabu, dawa ya kinga, kwenye tibakemikali kabla ya upasuaji kwa hasi tatu za hatua ya 2 na 3. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai ni asilimia 86.6 dhidi ya 81.7. Hilo ni la hasi tatu kwa jumla, si la metaplastiki peke yake, nalisema wazi. Lakini ukianza na upasuaji, mlango huo wa dawa kabla ya upasuaji umeufunga.

Wote wawili wanaweza kuwa na haki. Kinachoamua ni aina ndogo, kasi ya uvimbe, na kama titi bado linaweza kutolewa kwa kingo safi leo.

#21 Bi_Tumaini
Mimi ningeuliza swali moja kwa daktari wa kwanza: "Ukiona uvimbe haupungui, utasimamisha baada ya mizunguko mingapi, na nani atakuwa tayari kunipasua wiki hiyo hiyo?" Akiwa na jibu, nitamfuata. Mimi yangu iliokolewa na jibu hilo.

#22 Kijana_Mdadisi
Dawa ya kinga si mpaka upimwe PD-L1 kwanza? Nimesoma mahali.

#23 Muuguzi_Onko
PD-L1 ni protini ambayo saratani huitumia kuikwepa kinga ya mwili. Kwa ugonjwa uliosambaa, ndiyo, kipimo kinaangaliwa. Kwa ule ambao haujasambaa, faida ya KEYNOTE-522 ilionekana bila kujali PD-L1, kwa hiyo hawamnyimi mtu kwa kipimo hicho. Swali zuri kijana.

#24 Kasuku_Msomi
Na metaplastiki zina PD-L1 mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Kuna jaribio la Marekani lililoitwa DART ambalo lilitenga kikundi chao: wagonjwa 17 ambao ugonjwa wao umesambaa, wakapewa dawa mbili za kinga, ipilimumabu na nivolumabu, bila tibakemikali. Watatu uvimbe ulipungua sana, na majibu yao yalidumu zaidi ya miaka 2. Watatu kwa 17 ni wachache, lakini kwa ugonjwa ambao #5 amesema tunahesabu miezi, hao watatu nawafikiria kila siku.

Nyingine ni ya MD Anderson, hospitali ya saratani kule Houston, waligusa njia ya PI3K, ile inayoendeshwa na jeni ya PIK3CA niliyoitaja #14. Wagonjwa 52, uvimbe ulipungua kwa karibu 1 kati ya 5.

#25 Mchambuzi_Takwimu
Hapo naungana nawe Kasuku. Ila ona: moja imefanya kazi kupitia kinga, nyingine kupitia PI3K, na kila moja imemfikia mmoja kati ya watano. Mimi nasoma hivi: hawa si wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

#26 Mwana_Maabara
Ndicho nilichosema #3, nafurahi mmefika.

Kuna aina mbili za daraja la chini, ile ya adenoskwamasi na ile inayofanana na fibromatosi, ambazo kwa jina ni metaplastiki na kwa vipokezi ni hasi tatu. Zinaweza kurudi pale pale titini zisipotolewa vizuri, lakini kusambaa mbali ni nadra sana. Mgonjwa wa aina hizo akisoma uzi huu mpaka #11 atadhani anakufa, na anaweza kupewa tibakemikali nzito ambayo hakuihitaji. Kwenye ncha nyingine kuna seli ndefu na seli bapa za daraja la 3, hizo ndizo zinazoshusha takwimu. Zenye gegedu zimekaa katikati, na kuna tafiti zinazoonyesha zinaitikia dawa vizuri kuliko ndugu zake.

Dada wa Zamzam ana daraja la 3, kwa hiyo zile mbili za kwanza tunaziondoa. Katikati au mwisho, ripoti ndiyo itasema.

#27 Nahodha77
Kama kuna mtu angeniambia hili la aina ndogo wakati ule ningeuliza maswali tofauti kabisa.

#28 Mjukuu_wa_Bibi
Naomba kuuliza la pembeni. Zamzam mwenyewe je? Damu moja, hasi tatu. Na wanaume wa familia?

#29 Muuguzi_Onko
Si la pembeni kabisa. Yeyote mwenye saratani ya titi ya hasi tatu anastahili kupimwa jeni za kurithi, BRCA1 na BRCA2 zikiwemo, umri wowote. Anapimwa mgonjwa kwanza. Dada akikutwa nayo, ndipo Zamzam na ndugu wengine wanapimwa, wanaume pia, maana wanairithi na kuirithisha, na ya BRCA2 hasa inawaongezea wao wenyewe hatari ya saratani ya titi na ya tezi dume. Faida ya pili ni ya dada mwenyewe: mwenye BRCA ya kurithi na hatari kubwa ya ugonjwa kurudi anaweza kupewa dawa iitwayo olaparibu baada ya matibabu. Akikutwa hana, hiyo haimaanishi familia imevuliwa hofu zote, lakini kiasi kikubwa kinaondoka.

Zamzam, wewe ultrasaundi au mamogramu kulingana na umri, usiahirishe kwa sababu unamuuguza dada.

#30 Zamzam_K
Nimepanga miadi. Na tulipeleka vioo vya kinyama kwa mwanapatholojia wa pili, aandike aina ndogo kama Mwana_Maabara alivyosema #3. Ripoti mpya: metaplastiki yenye kutengeneza gegedu, sehemu kubwa, pamoja na kona ndogo ya seli ndefu. Keratini imewaka. Kikao cha madaktari kimekaa na kuamua dawa na kinga kwanza, ultrasaundi baada ya kila mizunguko miwili, na daktari wa upasuaji ameandikwa kwenye mpango kuanzia sasa. Dada aliuliza swali la Bi Tumaini neno kwa neno. Walimjibu: uvimbe ukiongezeka kwenye picha ya kwanza, wanasimama.

#31 Bi_Tumaini
Nimefurahi mpaka nimesimama. Mwambie dada namwombea.

#32 Kasuku_Msomi
Hiyo kona ya seli ndefu ndiyo inayonikosesha amani. Ndiyo inayotembea.

#33 Mwana_Maabara
Kona ndogo kwenye sindano, Kasuku. Ukubwa wake halisi utajulikana uvimbe mzima ukikatwa. Zamzam, siku ya upasuaji ombeni wachukue vipande vingi kutoka sehemu zote za uvimbe, na waandike asilimia ya kila aina. Kama kuna kilichobaki baada ya dawa, waandike ni kona ipi iliyobaki, gegedu au seli ndefu.

#34 Mchambuzi_Takwimu
Hilo litatusaidia kujua. Ikibaki ya seli ndefu peke yake, Kasuku ana hoja. Ikibaki gegedu, huenda ni tishu iliyoganda tu isiyo na seli hai nyingi, na picha itaendelea kuonyesha uvimbe mkubwa wakati saratani imepungua. Mwulizeni daktari wa picha analijua hilo kabla hajatangaza kwamba dawa imeshindwa.

#35 Zamzam_K
Nimeliandika. Mzunguko wa kwanza ni Jumatatu.